91, umeniaibisha

Leo nimefungua mdomo mbele ya ukoo mzima, na nimekosea.

Ilikuwa gusaba, siku ya dada yangu kuposwa, nyumbani Gahanga. Viti vilikuwa 91. Baba mdogo alitaka safu zote ziwe sawa.

"Safu pungufu ni kama pengo kwenye meno," alisema.

Mnanijua, kwenye watu huwa sisemi. Lakini namba hunishinda. Nikajaribu mbili, tatu, tano. Zote zilikataa.

"Haiwezekani," nikasema. "Tisini na moja ni namba tasa. Haigawanyiki."

Wote wakaniangalia kama profesa. (Nilifurahi, nakiri.)

Baba mdogo akafikiri kidogo. "Basi tunaondoa kimoja, tisini vinagawanyika. Profesa, wewe utasimama."

Hotuba za gusaba, jamani! Saa tatu nzima, nisimame!

Hapo Mama Hadija, jirani yetu fundi cherehani, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanangu, hebu hesabu vifungo vya hilo shati nililokushonea."

Saba.

"Mashati kumi na tatu kama hilo yanakula vifungo tisini na moja. Mimi sijasoma, nashona tu."

Saba mara kumi na tatu. Nilikuwa nimeivaa saba kifuani, na sikuijaribu!

Tukapanga safu kumi na tatu za viti saba saba. Nikakaa kile cha mwisho, nyuma kabisa, macho kwenye vifungo vyangu.

Semeni kweli: nani mwingine alidhani 91 ni tasa? Nisiwe peke yangu.