Kipimo cha Nia

Zornitsa Kaludova alipima nia za watu kwa miaka mingi kuliko daktari yeyote wa mji wake wa Gabrovo alivyopima presha, tofauti ikiwa kwamba daktari aliwahi kumponya mtu. Kila mwaka vuli ikiingia, aligawa dodoso lake chuoni: "Nimedhamiria kuanzisha biashara yangu mwenyewe." Moja, sikubali kabisa, saba, nakubali kabisa. Wanafunzi walizungushia, yeye akajumlisha, akaandika makala, na makala ikasomwa na wapima nia wenzake. Nani baadaye alifungua duka na nani alikwenda Ujerumani kuwachumia watu matunda, dodoso halikuuliza.

Nia yake mwenyewe aliijua Tsonka peke yake, mwalimu wa kemia wa ghorofa ya chini pale chuoni. Wangeacha kazi wote wawili, wakodi kile chumba kitupu karibu na mnara wa saa, wauze banitsa asubuhi, ule mkate wa matabaka, ungali wa moto, jibini likichuruzika. Tsonka angekanda na kuoka. Zornitsa angeshika hesabu na kupiga soga na wateja. Mwenye chumba alitaka jibu kabla ya Sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, siku ambayo watu wa kule wamefungia mikataba tangu enzi za mababu.

Sikukuu ilipokaribia, Zornitsa akaanza kusitasita. Je, Tsonka alikuwa amedhamiria kweli? Mtu mwingine angemuuliza. Yeye alipeleka dodoso chumba cha walimu, eti la majaribio, na la kwake akalijaza hapo hapo ili asionekane anajitenga.

"Jamani, hata sisi wazee unatupima?" alisema mwalimu wa historia. "Nia yangu mimi ni kustaafu."

"Zungushia moja, basi, unyamaze."

"Na Tsonka je? Hebu tuone!" Akamwinamia begani.

Tsonka hakuinua macho. Alizungushia moja, moja, moja, mpaka chini, kwa wino wake wa kijani.

Zornitsa alikiamini kipimo chake. Yeye huyu huyu kila akimsifu mtoto wa watu humtemea mate ya uongo, asipatwe na kijicho. Mimba yake mwenyewe aliificha, hata mama mkwe hakujua, mpaka koti likagoma kufungika. Lakini siku hiyo alisahau kwamba kwao jambo la kweli halitangazwi mbele ya macho ya watu. Moja akaisoma kuwa ni moja.

"Shoga, nimefikiri," alimwambia Tsonka kesho yake. "Pensheni haiko mbali. Tusijihangaishe."

"Haya," akasema Tsonka.

Akafungua duka peke yake. Asubuhi ya kufungua alimwita Zornitsa amwage maji kizingitini, ili mambo yateleze kama maji. Zornitsa alimwaga ndoo nzima, kisha akarudi chuoni na viatu vilivyolowa. Alikuwa na kipindi.

Sasa amestaafu, na kila asubuhi hupanga foleni pale mnarani. Tsonka humwekea kipande cha pembeni, kile kilichoungulia kidogo. Juzi, foleni ikiwa fupi, akathubutu.

"Tsonka, kwa nini ulizungushia moja?"

"We mama! Na yule mdaku kaning'inia begani kwangu? Nani anasifia mkate ungali unga?"

"Si ungeniambia baadaye."

"Si ungeniuliza." Tsonka alifunga kipande kwenye karatasi, taratibu kuliko ilivyohitajika. "Tena na mimi niliichungulia yako. Saba, saba, saba, mpaka chini. Nikasema moyoni, anayetangaza hivi, huyu haji. Nikaomba niwe nimekosea."

Nyuma mtu alikohoa, anawahi kazini. Zornitsa alipokea banitsa yake, akasogea pembeni kupisha wateja.