Boliti ya Ijumaa

Nilitoka Kitale kwa pikipiki kuukuu, nikaingia Ekerenyo Ijumaa jioni, oili ikinirukia mguuni. Boliti ya kifuniko cha injini ilikuwa imelegea. Shamba moja la ng'ombe kule Nyansiongo lilikuwa limeniahidi kazi, nami niliahidi kufika Jumamosi. Jua lilipozama, fundi Msabato niliyempata kando ya barabara aliweka spana chini.

"Sabato imeingia, kijana."

"Nitakosa kazi, mzee."

"Basi ule kwanza. Pikipiki nayo imechoka."

Kesho yake, jua lilipozama, fundi alikata gasketi ya karatasi ngumu ya kuziba oili, akakaza boliti. Jumapili nilimkuta msimamizi wa shamba.

"Ungekuja jana ungenikosa," alisema. "Nilikuwa kanisani."

Miaka baadaye, nilipohama Kitale kabisa kwenda kuishi karibu na shamba, niliondoka Ijumaa makusudi. Boliti haikuwa imelegea, lakini nilisimama kwa fundi, akaniambia tena nile kwanza.