Paa Mwenye Mkia

Miaka ya tisini, nikisoma chuo Minneapolis, tulipanga nyumba Richfield, pembeni mwa mji, wasichana watatu: mimi wa Mombasa, mwenzangu wa Nakuru aliyekuwa akihudumia wazee, na Mwabkhazia mmoja, mtu wa pwani ya Bahari Nyeusi. Alfabeti ya kwao ina herufi zaidi ya hamsini. Tulikuwa tukimcheka. Zote hizo za nini?

Jumamosi moja nilimwambia wa Nakuru kwamba paa la nyumba na paa wa porini havitamkwi namna moja.

"Acha mbwembwe za pwani," akasema. "Paa ni paa."

Mwabkhazia alikuwa akimenya viazi. Kiswahili hakujua hata cha kuombea maji, lakini aliinua kichwa. "Hayo ni maneno mawili," akasema kwa Kiingereza. Akachora nyuma ya bahasha herufi mbili za kwao: п, kama fremu ya mlango, kisha ҧ, mlango uleule ulioota mkia. Yenye mkia ndiyo ya kutoa pumzi, kama ninavyomtamka paa wa porini.

"Mmepanga!" akasema wa Nakuru.

Tukawekeana dau: atakayeshindwa ataosha masufuria ya pilau, nayo ilikuwa imeungua. Nikajificha bafuni, Mwabkhazia akabaki jikoni kuandika anachosikia, nikatamka neno mojamoja: kaa wa baharini, kisha kaa la moto; tembo mwenye mkonga, kisha tembo la mnazi. Neno lenyewe tu, bila maelezo. Nilipotoka, bahasha ilikuwa imejaa. Wanyama wote walikuwa na mikia. Kaa la moto na pombe havikuwa nayo.

"Ulikohoa kumpa ishara! Nipishe, naingia mimi."

Akaingia, akatamka yaleyale kwa sauti ya mtangazaji. Mwabkhazia akaandika, akasita, akaninong'oneza, "Mbona kila neno analisema mara mbili?"

Wanyama wa Nakuru hawakuwa na mkia hata mmoja.

Masufuria aliyaosha, huku akinuna. Ila kuanzia hapo nikawa namkuta jikoni akiwasha njiti ya kiberiti, anaiweka mbele ya midomo na kusema "paa" mpaka izimike. Siku alipompigia mama yake simu, alipuliza kila p na kila k aliyokutana nayo. Nilikuwa kando, nikaisikia sauti ya mama kutoka Nakuru:

"Mwanangu, mbona unahema hivyo? Ni hiyo theluji?"

Mimi na Mwabkhazia tulikimbilia chumbani, tukajiziba midomo kwa mito.