Mkunga wa Mkongo anayefundisha kukaa na mama aliyefiwa

Saa moja asubuhi, katika kijiji cha Mkongo, Mwamvua binti Mrisho anapanda ngazi ya dungu la Zaidi, nyumba iliyoinuliwa juu ya miti kwa sababu ya mafuriko ya Rufiji. Nyuma yake anakuja mwanafunzi wake, Sikujua, mjane wa miaka ishirini na miwili.

Ndani, Siti, mke wa Zaidi, amelala akitazama ukuta. Alfajiri amejifungua mtoto asiye na uhai. Majirani waliomzalisha wamekwisha kumfunika mtoto na kumweka pembeni. Wanataka azikwe upesi, kabla mama hajamwona.

Sikujua anasita mlangoni. "Bibi, niende nikachote maji," ananong'ona.

"Maji yapo. Keti," Mwamvua anamjibu. "Kazi yenyewe ndiyo hii."

Kisha anamwinamia Siti. "Mwanangu, unataka kumwona?"

Siti anageuza uso kutoka ukutani. Anaitikia kwa kichwa.

Sikujua ndiye anayetumwa kumleta. Anaufungua mkunjo wa kitambaa. "Ni mwanamume," anasema. "Ana nywele nyingi."

Siti anampokea, anampapasa. "Masikio ya baba yake haya," anasema, na hapo ndipo anapolia kwa mara ya kwanza.

Mwamvua, mwenye umri unaokaribia miaka hamsini, ni mkunga tangu ujana wake. Anasema tangu vita vya Maji Maji vianze, mwaka 1905, amewazalisha wanawake arobaini na mmoja, na watoto kumi na wawili walizaliwa wamekufa. Maghala yalichomwa na askari wa Wajerumani, na wajawazito wengi wanaishi kwa mizizi ya porini. Zamani alipewa kuku na pishi ya mpunga. Siku hizi hupewa kibaba cha mtama, robo ya pishi, au shukrani tu.

Lakini si njaa iliyomfanya aanze kufundisha. Ni binti yake, Tatu.

Askari walipofika kijijini, mama na binti walikimbilia msituni pamoja na wanawake wengine. Tatu alijifungua huko kabla ya siku zake, na mtoto hakulia. Mwamvua alimfunga haraka, akawapa wenzake wamzike, akamshika binti yake mkono wakaendelea kukimbia.

"Baada ya mwezi mmoja akaniuliza, 'Mama, alikuwa mume au mke?'" Mwamvua anasimulia. "Sikumtazama. Waliomzika nao hawakumtazama. Mwanangu alipoolewa tena akahamia kijiji cha Ngarambe bila kuniaga."

Mwaka huu, 1907, ana wanafunzi watatu. Huwafundisha kugeuza mtoto tumboni na kukata kitovu kama wakunga wote, ila siku nyingi zaidi anazitumia kwa jambo hili moja: kukaa na mama aliyefiwa.

"Nawaambia, usimwambie mama atapata mwingine. Huyu ndiye anayemlilia. Mwambie mapema kwamba maziwa yatakuja siku ya tatu, umfunge kifua kwa kitambaa, urudi. Ukiona huna la kusema, usiseme. Kaa."

Na baba je? "Naye amefiwa. Watu humpita kama mgeni."

Zaidi, aliyekuwa ameketi peke yake chini ya dungu, anaitwa juu. Anamshika mwanawe kwa mikono miwili, anamtazama mkewe. "Tumwite Abdalah," anasema. Siti anakubali. Kabla ya adhuhuri, Abdalah anaoshwa, anavikwa sanda na kuzikwa.

Sikujua hakuondoka. Wakati wa kurudi, anakiri kwamba alikuwa ameazimia kuacha mafunzo. "Nilidhani mkunga akishindwa, anakwenda zake," anasema. "Kumbe Siti alikuwa bado ananihitaji. Keshokutwa nitakuja mwenyewe, kwa ajili ya maziwa."

Mwamvua anataka, mtama ukivunwa, awapeleke wanafunzi wake wote Ngarambe wakakae na wakunga wa huko. Ana sababu nyingine pia ya kwenda, na anapoitaja anatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Juma lililopita alifika mtu na ujumbe kutoka kwa Tatu. Ana mimba ya miezi saba.

"Ngarambe wapo wakunga wanne," Mwamvua anasema. "Tatu amewaambia wote wasubiri, mama yake anakuja."