Siku Lester Hruska Alipofunga Mdomo

Lester Hruska hakuwahi kuwa baharia. Alipokuwa na miaka kumi na tisa madaktari wa jeshi walimkataa kwa sababu ya sikio lake la kushoto, akaenda kuunda injini za mashua katika mji wa Waukegan, kando ya ziwa kubwa, mpaka kiwanda kilipofungwa. Lakini kwa miaka arobaini na mmoja alikuwa katika chama cha raia wanaowasaidia wanamaji. Jumamosi aliwafundisha vijana wa kadeti kufunga mafundo ya kamba, hadi kadeti walipoona afadhali kujifunza kwenye simu. Na kila Sikukuu ya Shukrani, ambayo huwa Alhamisi ya Novemba, alichukua kuruta wawili kutoka kambi ya mafunzo ya wanamaji, akawalisha bata mzinga nyumbani kwake, kwa kuwa kuruta hawaruhusiwi kwenda kwao.

Aliwalisha na maneno pia. Meli gani ilizama ziwani, mwaka gani, boila ya mvuke ilipasuka upande upi, nahodha aliacha wajane wangapi. Enzi za mkewe, Arlene, hilo halikuwa tatizo. Arlene alimpiga teke chini ya meza, naye akanyamaza. Arlene alifariki miaka mitatu iliyopita, na teke likaenda naye.

Zamani mgeni aliyechoshwa na mwenyeji alivumilia, akashukuru, akamsengenya njiani. Huo ndio uliokuwa ustaarabu. Siku hizi hujaza fomu ya maoni. Miaka miwili mfululizo fomu zilisema mzee anaongea mno, na Marlys Engstrom, mwenyekiti wa chama, akaja mwenyewe kibarazani.

"Mzee Lester, lalamiko likija tena nakutoa kwenye orodha ya wenyeji."

"Sasa niwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu. Wape chakula."

Lester alijiona peke yake na bata mzinga mzima, sikukuu hii na zote zilizobaki. Akaazimia kufunga mdomo.

Aliopewa mwaka huo ni Tovar, kijana wa Laredo, na Beasley, mtoto wa mkulima wa mpunga wa Arkansas. Walikuwa wiki ya sita kambini, mahali ambapo mtu hasemi mpaka asemeshwe. Wakaketi wima, wakingoja kusemeshwa. Lester naye akaketi, akihofia kusema. Wakala bata, wakala viazi vya kuponda, na katika chumba kile hakuna kilichosikika ila uma. Tovar akainua macho kwenye picha ya meli ukutani, akayaacha hapo. Ulimi ukamwasha Lester. Akaujazia viazi.

Saa saba na nusu Beasley alianza kusinzia. Pua ilishuka hadi karibu na mchuzi, ikashtuka, ikapanda, ikashuka tena. Lester akatafuta neno ambalo likitoka halitavuta mengine nyuma yake.

"Laleni," akasema.

"Bwana?" Tovar akauliza.

"Kochi lile. Na lile. Laleni."

Walilala kwa muda wa saa nne. Lester aliketi katikati yao, akaondoa sauti ya mpira wa Kimarekani kwenye televisheni, akawatazama watu wakiangushana kimyakimya. Beasley alikoroma kama pampu yenye kutu. Kuelekea saa kumi na moja Lester aligundua kwamba midomo yake inacheza: alikuwa akisimulia meli iliyozama, amefika kwenye boila, bila sauti, tena kwa mpangilio mzuri. Akaendelea mpaka wajane. Kisha akawaamsha, akawapa pai ya maboga, akawarudisha kambini.

Jumatatu Marlys akapiga simu, amechangamka.

"Nyota tano, mzee! Chama kizima hakuna mwingine aliyezipata."

Lester akataka kujua wameandika nini.

"Tovar kaandika, 'Kochi zuri sana.' Beasley kaandika, 'Mzee mtulivu, haongei.'"

Kwa miaka arobaini na mmoja aliwapa watu historia ya ziwa zima, na kilichopata sifa ni kochi. Akaibana simu kwenye sikio la kulia.

"Hawakuuliza chochote?"

"Hawakuuliza. Mzee, mwakani kuruta watakuwa wengi kuliko nyumba. Nikuandikie wawili tena?"

Lester akatazama sebule. Mito ya makochi ilikuwa bado imebonyea, na hakuwa ameinyoosha tangu Alhamisi.

"Niandikie watatu," akasema. "Chumba cha nyuma kina kitanda."

Akaweka simu chini, akaenda kukiondolea maboksi.