Jeneza Tulilolibeba Hadi Silanga

Nikifumba macho naiona ile Jumamosi, mwanangu: sisi vijana wa timu ya mtaa wa Kawangware 46 tumebeba jeneza begani, tunaimba, tunateremka nalo kwenda mtaa wa Silanga kuizika timu yao ambayo ilikuwa bado hai. Mimi ndiye niliyekuwa mbele. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, kipa, mdomo mrefu kuliko mikono.

Nakwambia haya kwa sababu juzi ulikuja kuniomba mkokoteni. Ati Silanga ya sasa, ile iliyofufuliwa na watoto wa wale wa zamani, imeishiwa na pesa, wachezaji wanatoroka mmoja mmoja, na nyinyi vijana wa timu yetu mnataka kuwapelekea jeneza. Mkokoteni sikupi. Usinune, keti hapo. Tangu Jumamosi ile ya jeneza usingizi wangu ni wa kubahatisha, na utajua ni kwa nini.

Siku zetu, mechi kati yetu na Silanga ilikuwa inasimamisha shughuli. Mama mboga walifunga vibanda. Makanisa yalimaliza ibada mapema, mapasta wakijifanya hawajui sababu. Tulichukiana kweli kweli. Nilikuwa na shemeji Silanga, na wiki ya mechi sikupokea simu yake hata iwe ni ya ugonjwa. Upuzi mtupu, lakini ndivyo tulivyokuwa.

Sisi tulikuwa na mfadhili, mwenye bekari moja pale Kawangware. Alitununulia jezi, na zaidi ya hapo akatuandika kazi: mchana tunakanda unga na kusambaza mikate, jioni tunakwenda mazoezi. Sharti lake lilikuwa moja tu, tubaki kwenye ligi tuliyokuwa tukicheza. Tukishuka daraja, kila mtu ajitafutie. Mimi nilikuwa nimeoa juzi juzi, mke wangu Nekesa ana mimba ya miezi saba. Kabla ya bekari nilikuwa nasimama barabarani kila asubuhi kungoja kazi ya mjengo, watu mia, wanachukuliwa kumi. Kwa hivyo ile kazi ya mikate ndiyo ilikuwa nyumba yangu, chakula changu na heshima yangu.

Silanga nao walikuwa na mtu wao, mwenye depo ya makaa. Biashara ikamwendea mrama, akafunga depo akarudi kwao Siaya bila kumuaga mtu. Wachezaji wakakosa nauli, wakaanza kutafuta vibarua hata Jumapili. Wakakosa kufika uwanjani mara moja. Wakakosa mara ya pili. Sisi tulicheka hadi mbavu zikauma, na hapo ndipo nikatoa wazo la jeneza.

Tulilitengeneza kwa mbao za kreti za mikate, tukalipaka rangi zao, kijani na nyeupe. Tulisimama nalo kwenye mlango wa kila mchezaji wa Silanga tuliyemjua, tukilia kilio cha uongo, mimi nikijifanya pasta. Watu wazima walitoka wakatutazama. Huko ziwani walikotoka wengi wao, na hata kwetu tuliotoka Bungoma, jeneza halichezewi. Nilijua hivyo. Nilijua na nikaendelea, kwa sababu wenzangu walikuwa wanacheka.

Jumatatu kocha wetu, mzee mpole ambaye hakuwahi kupaza sauti, aliniita kando ya jiko la mikate. "Wewe pasta," akaniambia, "sheria ya ligi unaijua?" Sikuijua. Akanieleza polepole. Timu ikikosa kufika mara tatu inafutwa, na mechi zake zote za msimu zinafutwa pamoja nayo. Sisi tulikuwa tumewafunga Silanga mara mbili. Hizo ni pointi sita. "Ziondoe hizo sita," akasema, "halafu uone tunabaki wapi."

Nikaziondoa. Woi! Tulikuwa tumeshuka. Na mechi zetu tulikuwa tumezimaliza, hakuna mahali pa kupata pointi nyingine. Silanga walikuwa wamebakiza mechi moja, Jumapili iliyokuwa inakuja, na wasipofika hiyo moja, sisi ndio tungezikwa. Siku tatu nilikanda unga bila kujua nimetia chumvi au sukari. Nekesa aliniuliza mbona sili, nikamwambia ni tumbo. Niliogopa kumwambia ukweli, maana angeuliza nani aliyebeba jeneza.

Alhamisi nilipiga moyo konde nikaenda Silanga kwa miguu. Nilimtafuta mama wa kapteni wao, Mama Ochieng'. Alikuwa na kishamba cha mboga kando ya bwawa, na ndiye aliyekuwa akifua jezi za timu nzima. Nilimkuta anafunga sukuma mafungu mafungu, na meza aliyozipanga juu yake ilikuwa ya mbao za kijani na nyeupe. Jeneza letu tulikuwa tumelitupa pale karibu na kwake. Yeye alilivunja akatengeneza meza.

"Sasa, mathe," nikasema.

"Wewe si ndio ule pasta wa jeneza?"

"Ni mimi, mama."

"Ulikuja kutuzika ukiimba. Saa hii unataka maiti iamke ikusaidie?"

Kumbe habari ya pointi sita ilikuwa imenitangulia kufika. Nikamweleza yote, bekari, mimba ya Nekesa, woga wangu. Sikuficha kitu. Aliendelea kufunga sukuma mpaka nikadhani hanisikilizi.

"Mimi siwezi lazimisha vijana wa watu," akasema mwishowe. "Lakini njia unaijua. Rudi kila mlango mlisimama na hiyo sanduku. Bisha. Sema ni wewe uliibeba. Ukimaliza kusema hivyo, ndio uombe."

"Peke yangu?"

"Si ni wewe ulikuwa mbele?"

Mwanangu, nimepigwa mipira ya uso, nimevunjika kidole mara mbili, lakini sijawahi kufanya jambo gumu kama lile. Milango kumi na mmoja. Mmoja alinimwagia maji ya vyombo miguuni. Mwingine alicheka akamwita mkewe aje asikie. Kwenye mlango wa nne, baba wa mchezaji mmoja aliniuliza kama nilijua kwamba wiki ile ile ya jeneza letu walikuwa wanangoja kusafirisha mwili wa ndugu yake. Sikujua. Nilisimama pale nisijue mikono yangu niiweke wapi. Ochieng' mwenyewe hakutoka. Alinisikiliza akiwa ndani, mlango umefungwa, halafu akasema, "Nimesikia. Enda."

Hakuna hata mmoja aliyeniahidi kwamba atakuja.

Jumapili uwanja ulijaa sisi. Kawangware nzima imekuja kutazama mechi ya Silanga na timu moja ya Dagoretti, na hakuna aliyeimba. Timu inahitaji watu saba ili mechi ianze. Saa nane walikuwa wanne. Wakafika wawili wengine wakikimbia, wakawa sita. Refa akasema anangoja robo saa, basi. Alikuwa anatazama saa yake na mimi namtazama yeye, haki ya Mungu nikaanza kuwaza asubuhi zile za barabarani na mtoto anayekuja. Kocha wangu alikuwa amefunga macho. Sijui alikuwa anaomba au amekata tamaa.

Zikiwa zimebaki dakika mbili, Ochieng' akatokea. Alikuwa ametoka mjengoni, miguu imejaa simiti mpaka magotini, viatu vya mpira vimening'inia shingoni. Akavivaa bila kumtazama mtu.

Walicheza saba dhidi ya kumi na mmoja, dakika zote tisini, kwenye jua la kuchoma. Walifungwa tisa. Kila walipofungwa sisi tulipiga makofi kuwatia moyo, sisi wale wale wa jeneza. Kipyenga cha mwisho kilipolia nilimkimbilia Ochieng', nikanyoosha mkono. "Ahsante, ndugu yangu. Mmetuokoa."

Aliutazama ule mkono. "Hatukuja juu yako," akasema. "Tulikuja ndio tumalize ligi." Akapita, na mkono wangu ukabaki umenyooshwa hivyo hivyo mbele ya watu.

Basi tulibaki kwenye ligi. Nikabaki na kazi, Nekesa akajifungua salama. Msimu uliofuata Silanga hawakujiandikisha. Mara ya kwanza tulijiona wafalme. Halafu ile Jumapili ya mechi yetu na wao ikafika, na hakukuwa na mechi. Watu wakaanza kupungua uwanjani. Tulikuwa tunashinda na hakuna anayejali, maana tutamringia nani? Mwenye bekari alikuja mechi tatu, akaangalia ile nyasi tupu iliyotuzunguka, ya nne hakuja. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa ameacha timu na kutuachisha kazi, na mimi nikarudi barabarani alfajiri kungoja mjengo. Hatukubebewa jeneza. Hakuwa amebaki mtu wa kutubebea.

Sikiza sasa. Sikwambii uwapende Silanga. Wafunge, watanie, wanyime usingizi, hiyo ndiyo raha yenyewe. Lakini usimzike mtu anayepumua, na usifurahie njaa yake, kwa sababu hujui ni mangapi yako yaliyoegemea kwake mpaka aanguke. Na kama umeshamkosea, usitume mtu wala usitume ujumbe wa simu. Nenda mwenyewe, useme jina la kosa lako kabla hujaomba chochote. Usitarajie kupewa mkono. Leo, kabla jua halijatua, shuka Silanga uwaulize wamebaki wachezaji wangapi na wamepungukiwa na nini, halafu urudi uniambie.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe mpinzani mwenye afya na mwenye kiburi, akusumbue kila msimu, na awaache mzeeke nyote wawili.