Labeka

Mshona kofia wa chumba cha chini humfundisha bintiye kwa sauti ya mtu anayesema siri. Watoto wa mtaa wakishakwenda skuli, mama huyo hushusha pazia la mlango, humwaga mchele kwenye sinia, na kwa vidole vyake vilivyojaa alama za sindano huushika mkono wa mtoto waandike herufi humo humo. Akisikia hodi hulitikisa sinia, herufi zikafutika, kisha hutoka nje ya pazia akitabasamu. Baada ya herufi humwita, “Salhiya!” na kujiitikia mwenyewe, “Labeka,” maana mtoto, mkubwa vile, hajapata kutamka neno wala kuitika akiitwa.

Jana alikuja Bi Kazija wa ghorofani na sahani ya vitumbua.

“Mbona mwanao simwoni siku hizi?”

“Kaenda skuli, Bi Kazija.”

“Mashaallah! Basi hivi vya Salhiya, akirudi mpe.”

Nyuma ya pazia sauti nyembamba ikaitika, “Labeka!”

Mama akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, akilifunika neno alilokuwa akimwomba Mungu kila alfajiri amjaalie kulisikia.